Nani Bado Anamcheka Fundi Mbuzi?

Gazeti lenyewe lilikuwa la juzi, tena lilikuja pale kwa kazi ya kufungia viatu, si kusomwa. Lakini Gundi, fundi viatu wa mlangoni kwa Kinyozi, hawezi kufunga kiatu cha mteja bila kwanza kusoma kile anachokifungia, na ndiyo maana viatu vya watu huchelewa. Alhamisi hiyo, saa tisa na nusu alasiri, alikunjua ukurasa wa burudani, akakohoa, akasoma kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba:

"'Katuni ya Fundi Mbuzi yatimiza miaka ishirini na moja hewani. Je, bado inachekesha, au imechuja?'"

Kinyozi akasimamisha wembe. Mwalimu mstaafu, aliyekuwa kwenye kiti cha kunyolea na povu hadi masikioni, akafungua jicho moja. Wote watatu wakageuka kumtazama mtu wa nne, aliyekaa mwisho wa benchi akipuliza kahawa yake kimyakimya.

Mtu huyo anaitwa Mbuzi. Mtu mzima wa miaka hamsini na saba, baba wa watoto watatu, anaitwa Mbuzi na anaitika, kwa sababu ile sauti ya Fundi Mbuzi, ile inayotetemeka mwishoni mpaka kikombe kinatikisika kwenye sahani, ni yake. Tangu katuni ianze hakuna mwingine aliyewahi kuitoa. Kila wiki anaingia kwenye chumba kidogo kilichobandikwa sponji ukutani, anavaa visikizi, anabana pua kidogo, na anatoka humo mbuzi fundi ambaye tangu azaliwe hajawahi kutengeneza kitu kikapona. Fundi Mbuzi akishagonga msumari wa mwisho hurudi nyuma, hujishika kiuno, akasema, "Imekaa hiyo!" Hapo ndipo kila kitu huporomoka. Ndiyo katuni nzima hiyo, nakwambia, miaka ishirini na moja.

"Swali zuri," alisema Mwalimu kutoka ndani ya povu.

"Swali liko wapi hapo?" alisema Kinyozi. "Huyo mwandishi alikuwa na jibu lake, akalitilia alama ya kuuliza ili asigombane na watu."

"Mimi sina alama ya kuuliza," alisema Gundi. "Imechuja. Imechuja mpaka televisheni yenyewe imepauka."

"Televisheni yangu usiiguse!"

"Sijaigusa. Nimesema imepauka."

"Imepauka kwa jua la huo mlango uliouziba nusu na viatu vya watu wa mwaka jana."

"Jamani, mwenyewe yupo hapa," alisema Mwalimu. "Tuseme kwa adabu."

"Adabu ya nini? Tukimficha sisi, nani atamwambia? Mbuzi, nikwambie nisikwambie?"

"Niambie," alisema Mbuzi.

"Zamani nilikuwa nikisikia muziki wake tu, ule wa nyundo na msumeno, naacha kiatu. Siku hizi nasikia muziki naendelea kushona. Tena nashona vizuri zaidi."

"Zamani alikuwa anaharibu vitu vya maana," aliongeza Kinyozi. "Aliharibu daraja. Aliharibu meli! Siku hizi kila wiki ni kabati. Mbuzi gani huyo wa makabati?"

"Kabati lilikuwa mwezi wa pili," alisema Mbuzi.

"Linaniuma mpaka leo."

Mwalimu akainua kidole, povu likamdondokea kwenye shati. "Mimi nina hoja moja tu. Yule mtoto wa Fundi Mbuzi. Katuni inaanza, yuko darasa la tatu. Mimi mwenyewe wakati huo nafundisha darasa la tatu. Nikawa mwalimu wa taaluma, yuko darasa la tatu. Nikawa mwalimu mkuu, yuko darasa la tatu. Nimestaafu, mwaka wa sita huu, mtoto yuko darasa la tatu! Ile shule ina walimu au ina vinyago?"

"Labda mwalimu wake ulikuwa wewe," alisema Gundi.

Mbuzi akacheka kwa sauti, maana kijiweni ukinuna umekwisha, watakufanya kitoweo cha wiki nzima. Lakini moyoni hakucheka hata kidogo. Mkono wake ulikuwa juu ya mfuko wa shati, na ndani ya mfuko mlikuwa na barua.

Ilikuwa barua ya kurasa mbili kutoka kwa mkurugenzi wa vipindi, mama mmoja asiyepoteza maneno. Ukurasa wa kwanza ulikuwa mkataba mpya wa miaka mitatu, unangoja sahihi. Ukurasa wa pili ulisema kwamba kama Mzee anaona muda wake umefika, wataandaa keki, watampa ngao yenye picha ya mbuzi, na sauti atapewa kijana mmoja aliyekuwa akiiga vizuri tangu yuko shule. Chini kabisa mama yule aliandika kwa mkono wake: "Sikulazimishi, Mzee wangu. Wewe ndiye unayejua kama bado unacho. Nipigie Alhamisi kabla ya saa kumi na moja na nusu."

Wewe ndiye unayejua! Hayo maneno alikuwa amezunguka nayo siku nne. Angejuaje? Utani ukishautamka mara arobaini mbele ya kipaza sauti, leo unarudia kwa sababu ulikohoa, kesho unarudia kwa sababu nje gari limepiga honi, haukuchekeshi tena, unakuwa maneno tu. Watoto wake walishakuwa watu wazima, wakimpigia simu wanauliza afya, hawaulizi mbuzi. Mkewe naye alimjibu palepale, huku akikunja nguo: "Mimi sokoni naitwa Mama Mbuzi mwaka wa ishirini na moja huu, nimeshazoea. Baki, ondoka, yote sawa. Ila usije ukaamua kitu halafu ukaninunia mimi humu ndani."

Basi Mbuzi akaamua kupima. Hakuwaambia wenzake, ila moyoni alikata shauri: leo katuni ikianza, nitawatazama hawa watatu. Akicheka hata mmoja, hata kwa puani, nasaini. Wasipocheka, nampigia mama yule simu, naila keki yangu, yamekwisha.

Sasa hapo lazima nieleze sheria ya vikombe, maana bila hiyo utawaona watu hawa wana roho mbaya, na hawana, wana ujinga tu.

Kahawa ya pale inapikwa na Shemeji, dada wa mke wa Kinyozi, kwenye ua wa nyuma. Miaka kumi na moja iliyopita Shemeji aliingia na birika, akaweka mkono kiunoni, akasema: "Kahawa nitapika. Lakini vikombe vya wanaume wazima wanaokaa mchana kutwa kumtazama mbuzi, siviosha." Akatoka. Wakadhani anatania. Vikombe vikakaa wiki mbili, kimoja kikaota kitu cha kijani ambacho Gundi alikipa jina. Ndipo Mwalimu alipoomba karatasi, akaandika kwa mwandiko wa ubaoni, akaibandika pembeni ya kioo, na iko pale mpaka leo: "Atakayecheka wa kwanza ndiye ataosha. Asipocheka mtu, mwenye mbuzi ataosha."

Miaka ya mwanzo mambo yalikuwa mazuri. Gundi peke yake aliosha mara thelathini mfululizo, maana alikuwa akicheka tangu kwenye muziki. Kinyozi aliosha. Mwalimu aliosha, tena kwa kulalamika kwamba alicheka wa pili. Kisha vicheko vikaanza kupungua kidogokidogo, na sasa ulikuwa mwaka wa nne hakuna aliyecheka kabisa. Kila Alhamisi katuni ikiisha, Mbuzi anainuka, anapanga vikombe kwenye sinia, anaelekea bombani. Aliosha kwa uchungu, nakwambia. Kila kikombe alikiona kama mtu aliyekaa mbele yake akamtazama usoni asicheke.

Saa kumi kamili muziki wa nyundo na msumeno ukalia.

"Haya, kabati hilo linakuja," alisema Gundi, akachota kiganja cha misumari midogo ya viatu, akaitia mdomoni, akaibana kwa midomo kama wafanyavyo mafundi.

Haikuwa kabati. Ilikuwa lifti. Mahakama ya wanyama, jengo la ghorofa saba, lifti imekwama huko juu kabisa, na ndani yake wamo Hakimu Tembo, aliyeijaza yote, na Fisi, mshtakiwa wa kuiba kengele ya shule, ambaye kengele yenyewe ilikuwa bado inamlia tumboni kila akipumua. Hakimu hana muda wa kupoteza. Akasema kesi itasikilizwa humohumo. Fundi Mbuzi yuko juu ya paa la lifti na nyundo yake.

Mbuzi hakutazama televisheni. Alitazama nyuso.

"Mshtakiwa," ikasema televisheni kwa sauti nzito, "nakuhukumu kifungo cha miaka saba!"

"Imekaa hiyo!" ikasema sauti ya Mbuzi huko juu. Nyundo ikagonga. Lifti ikadondoka ghorofa moja, puu!

"Miaka... sita," akasema Hakimu, akishikilia ukuta.

Gundi alikuwa ameinamia kiatu, mabega yanamtetemeka kidogo. Anasinzia, Mbuzi aliwaza. Mtu anasinzia mbele ya kazi yangu, ameshika sindano.

Puu! "Miaka mitano!"

Kinyozi akauondoa wembe shingoni mwa Mwalimu, akautazama, akaanza kuunoa kwenye mkanda wa ngozi kwa nguvu zote, kisogo amekielekeza kwenye televisheni. Hana hata haja ya kuangalia, Mbuzi aliwaza. Heri anoe wembe.

Puu! "Minne!"

"Fundi!" akapiga kelele Fisi, kengele ikimlia tumboni. "Fundi, gonga tena!"

Mwalimu akachomoa simu yake chini ya kitambaa, akaiweka sikioni. "Hallo? Ndiyo. Ndiyo, nakusikia." Simu ilikuwa juu chini, na haikuwa imelia. Mbuzi hakuliona hilo. Aliona tu mtu mzima akipokea simu katikati ya utani ambao waandishi watatu waliuandika kwa siku tisa.

Lifti ikafika chini. Fisi akatoka huru kabisa, akamshika mkono Hakimu, akamshukuru kwa huruma yake. Fundi Mbuzi akateremka, akarudi nyuma, akajishika kiuno, akasema "Imekaa hiyo!", na jengo zima la mahakama likainama taratibu likakaa chini. Muziki. Majina. Matangazo ya rangi za nyumba.

Mbuzi alisubiri kicheko.

"Mh," alisema Kinyozi.

"Kawaida," alisema Gundi kupitia misumari.

"Kisheria haiwezekani," alisema Mwalimu, akirudisha simu. "Hakimu hapunguzi adhabu kwa sababu ya lifti."

"Vikombe hivyo, Mbuzi," alisema Kinyozi, bila kugeuka.

Mbuzi akainuka. Alijisikia mzee. Akavipanga vile vikombe vinne, akashika sinia, akapita pazia la nyuma kuelekea uani. Hakumlaumu mtu. Walikuwa rafiki zake, na hawakumdanganya. Kwanza ilikuwa afadhali wao kuliko gazeti.

Uani, Shemeji alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anachambua karanga.

"Maji yamekatika tangu saa nane," alisema. "Usijisumbue."

"Nitasubiri."

"Utasubiri mpaka kesho. Viache hapo. Mbona uso umekushuka hivyo? Kuna mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa, Shemeji. Kuna mtu amechoka tu."

Akatoa simu. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro robo. Pale uani simu haishiki, bati la jirani linazuia kila kitu, kwa hiyo alitoka na sinia yake mkono mmoja na simu mkono wa pili, akazunguka kwa kichochoro cha pembeni kuelekea barabarani. Njiani akajaribu maneno yake kwa sauti ya kibinadamu: "Mama, nashukuru kwa kila kitu. Nadhani muda umefika." Yalitoka vizuri mno, mpaka yakamtisha. Akapiga. Simu ikaita mara moja, mara mbili.

Akafika usawa wa dirisha la Kinyozi, na hapo akasikia sauti.

Kwanza alidhani mtu kaumia. Ilikuwa sauti ya mtu anayekosa pumzi. Akasogea dirishani akachungulia.

Mwalimu mstaafu, mwalimu mkuu wa zamani, mtu ambaye wazazi walikuwa wakivuka barabara wasikutane naye, alikuwa amesimama juu ya kiti cha kunyolea. Ndiyo, amesimama! Nusu ya uso imenyolewa, nusu ina povu, kitambaa cha kunyolea amekivaa begani kama joho, mkono mmoja ameshika dari. Kinyozi alikuwa amepiga magoti chini, ameshika ile pedali ya kushushia kiti.

"Nakuhukumu," alisema Mwalimu kwa sauti nzito kuliko ya Tembo mwenyewe, "kifungo cha miaka saba!"

Kinyozi akabonyeza pedali kwa kiganja. Kiti kikashuka, puu!

"Miaka sita!" akalia Mwalimu akiyumba, na machozi yanamtiririka kwenye povu.

Puu! "Mitano! Mitano, nimesema! Shikilia huko chini, wewe!"

"Fundi!" akapiga kelele Gundi. Gundi alikuwa sakafuni. Alikuwa amelala chali katikati ya nywele za watu, misumari imetapakaa pande zote, ameshika tumbo kwa mikono miwili na anatoa mlio wa kengele. "Fundi, gonga tena! Gonga te... te... nakufa, jamani, nakufa!"

"Hallo?" ikasema simu mkononi mwa Mbuzi. "Hallo, Mzee? Uko kwenye sherehe?"

"Nakupigia," alisema Mbuzi, akakata.

Akaingia kwa mlango wa mbele. Alisimama tu pale, na sinia ya vikombe vichafu, mpaka Kinyozi akainua macho, akamwona, na pedali ikamponyoka. Kiti kikashuka chote kwa mara moja. Mwalimu akashuka nacho, akakaa kwa kishindo, akabaki amekaa vilevile na joho lake.

"Maji yamekatika," alisema Mbuzi.

Gundi alijaribu kuinuka, akashindwa, akajilaza tena akajifunika uso kwa gazeti.

"Miaka minne," alisema Mbuzi, na sauti ikaanza kumpanda. "Miaka minne nakwenda kule nyuma, naosha vikombe vyenu, nikirudi mmekaa kama mnasubiri daktari! Mnacheka nikiwa bombani, maji yanalia nisisikie?"

"Sasa tungecheka lini?" alisema Kinyozi. "Ukiwa humu anayecheka anaosha!"

"Kwa hiyo mnajibana?"

"Kila mtu anajibana! Wewe hukujua?" Kinyozi alimtazama kwa mshangao wa kweli kabisa. "Sisi tulidhani unajua. Tulidhani unaona unavyotutesa, unafurahi zako moyoni. Mimi nilikuwa nasema, huyu Mbuzi ana roho ngumu, anatuangalia tunakufa na wala hatuonei huruma."

"Nimekuona unanoa wembe!"

"Wembe wa dukani huo, unatupwa ukiisha! Unanolewa na nani? Nilikuwa nageuka ukutani nisije nikamchinja Mwalimu!"

"Na mimi je?" ilisema sauti chini ya gazeti. "Misumari kumi na mbili mdomoni! Kiatu nilichoshika ni ndala, Mbuzi. Ndala! Umeona wapi ndala inapigwa misumari?"

Mbuzi akaweka sinia chini. Alitaka kukasirika vizuri, kwa utaratibu, maana alikuwa na haki hiyo, lakini hasira ilikuwa inapishana mlangoni na kitu kingine na vyote viwili vimekwama. Akakaa kwenye benchi. Akatoa barua, akaikunjua, akaiweka gotini.

"Leo nilikuwa naacha," alisema. "Nilipokuwa pale dirishani simu ilikuwa imeshapokewa. Ningesema maneno manne tu, na Alhamisi ijayo mngemsikia mtu mwingine."

Gazeti likateremka polepole usoni mwa Gundi. "Kuacha nini?"

"Mbuzi."

"Kwa nini uache?"

"Kwa sababu yenu! Nilisema akicheka hata mmoja nasaini. Nikawatazama mwanzo mpaka mwisho. Mmoja analala, mmoja ananipa kisogo, mmoja anaongea na simu. Mlitaka nifikiri nini?"

Kinyozi alipangusa macho kwa taulo la wateja, na sasa hukujua anapangusa machozi gani. Tazama upumbavu wa watu wazima: kwa kukwepa vikombe vinne vya kahawa, nusura wamuue mbuzi waliyemlea miaka ishirini na moja.

Mwalimu ndiye aliyesema kwanza. Hakusema kwa sauti ya hakimu wala ya mwalimu mkuu. Alisema akitazama magoti yake.

"Tangu mama watoto afariki, pale nyumbani kuna mimi na saa ya ukutani. Wiki ina siku saba, na mimi nazijua zote kwa majina. Alhamisi nacheka hapa, ukienda bombani. Halafu nakuwa na akiba. Jumapili mchana nikikaa peke yangu naikumbuka, nacheka tena, mpaka jirani anagonga ukuta anauliza kama nina wageni. Mwezi wa pili, lile kabati..." Akasita, mdomo ukamcheza. "Lile kabati lilinifikisha mpaka Jumatano."

"Lakini uliniambia halikuwa na mantiki!"

"Halina! Kabati gani linafungwa kwa ndani na mtu yuko nje? Ndiyo maana!" Na Mwalimu akaanza upya, kwanza puani, kisha mabegani, akaficha uso ndani ya joho.

Mbuzi akaona ile hasira yake imeshaondoka bila kuaga. Akamgeukia Gundi. "Na wewe uliyesema siku hizi unashona vizuri zaidi?"

"Kwani umewahi kuona kiatu changu kimoja kilichoshonwa Alhamisi?" alisema Gundi. "Vyote hurudishwa na wenyewe Ijumaa."

"Halafu jamani tusidanganyane," alisema Kinyozi, akirudi kwenye tabia yake. "Zamani ilikuwa kali zaidi. Ile ya meli hamtaifikia tena."

"Ilikuwa kali kwa sababu ulikuwa unacheka palepale," alisema Mbuzi. "Sasa unakula kiporo."

"Kiporo kitamu!"

"Bado imechuja!" alisema Gundi.

"Imechuja, na Alhamisi iliyopita niliwafungia wateja mlango saa tisa nisiikose!" alisema Kinyozi.

"Mnaona sasa? Mnaona watu hawa?" alisema Mbuzi, akimwambia nani sijui, maana watu wote walikuwa haohao. Akaomba kalamu. Mwalimu anayo siku zote, hata amelala. Mbuzi akaweka mkataba juu ya boksi la misumari, akasaini ukurasa wa kwanza, na sahihi ikatoka ndefu kuliko mstari wenyewe. Ule ukurasa wa keki akampa Gundi afungie ndala.

Saa kumi na moja na dakika ishirini akapiga simu, akaiwekea kipaza ili wote wasikie.

"Mzee wangu," ilisema sauti ya mkurugenzi. "Ulinipigia nikasikia makelele, ukakata. Uko salama kweli?"

"Niko salama, mama. Nimesaini."

"Afadhali. Maana juzi nilikusikia sauti imepoa, nikasema huyu tumeshampoteza. Kitu gani kimekubadilisha?"

"Nimefanya utafiti."

"Utafiti! Kwa watu wangapi?"

Mbuzi akawatazama. Kinyozi alikuwa ameegemea kioo, taulo mdomoni. Mwalimu ana nusu ndevu na joho. Gundi yuko palepale sakafuni, amejiinua kwa kiwiko, akamtazama Kinyozi usoni, akaanguka tena.

"Watatu," alisema Mbuzi.

"Watatu tu, Mzee?"

"Watatu tu, lakini wabishi."

"Na wamekubali kwamba bado inachekesha?"

"Wamekataa katakata, mama," alisema Mbuzi. "Wote. Ila mmoja mpaka sasa hajaweza kuinuka."